Kisu Hakikukata Maziwa: Siku Zangu Nne za Kwanza

Juzi kati staa mmoja wa filamu zetu, jina silitaji, alijifungua kwa operesheni. Siku ya nne akaposti picha: kanga begani, mtoto kifuani, sura imechoka, haina hata poda. Mimi niliiona picha nzuri kuliko zote alizowahi kuweka. Nikashuka kwenye kamenti.

Jamani. "Hongera kwa kutolewa mtoto." "Wenzio tumesukuma, wewe umefunguliwa zipu." Na hii ndiyo ilipata laiki nyingi: "Picha tu hiyo. Kisu na maziwa wapi na wapi, kamera ikizimwa anachukua chupa."

Halafu kumbukeni, muda si mrefu kabla ya hapo mke wa msanii mmoja wa Bongo Fleva, ambaye yeye alijifungua kawaida, alionekana kwenye video kashika chupa ya maziwa. Akaambiwa anaogopa titi kulala. Kwa hiyo aliyepasuliwa akinyonyesha ni mwongo, aliyesukuma akishika chupa ni mvivu. Sijui huyo mama anayetakiwa anapatikana wapi.

Ningepita tu kama ninavyopita kwenye umbea mwingine. Ila mimi nina mtoto wa miezi 14 aliyetoka kwa kisu, na ile sentensi ya kisu na maziwa nimeshaisikia ikisemwa pembeni ya kitanda changu, kwa sauti ya upole, na mtu anayenipenda. Sentensi hiyo ikisemwa siku ya tatu, usiku, mtoto analia, ina nguvu kuliko unavyofikiria.

Nilikaa leba tangu Jumatatu mchana. Usiku wa manane ukapita, uchungu unakuja na kuondoka, njia inafunguka kidogo kidogo kama mlango wa duka la Mpemba siku ya Ijumaa. Kuelekea alfajiri mapigo ya moyo ya mtoto yakaanza kushuka kila uchungu ukija. Daktari hakuzungusha maneno. Nikasaini karatasi mkono unatetemeka, nikachomwa sindano ya mgongo, na saa kumi na moja kasoro alfajiri ya Jumanne nikasikia analia. Nikaonyeshwa uso wake sekunde mbili hivi, kafungwa kwenye kanga yangu ya njano, halafu wakaondoka naye kwenda chumba cha watoto wamwangalie na kumpa joto. Namshukuru Mungu na namshukuru yule daktari. Bila kile kisu sijui leo ningekuwa naandika nini.

Nilikuja kumshika saa sita mchana.

Hospitali siitaji na wala sidhani kama kuna mtu alinikomoa. Wodi ilijaa, manesi walikuwa wachache, na kila aliyepita aliniambia "pumzika kwanza, mama". Ni neno la huruma. Lakini mimi nilikuwa macho kabisa. Ganzi ilikuwa kiunoni kwenda chini. Mikono mizima, kifua kizima, akili nzima. WHO na UNICEF wanataka mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja tangu azaliwe, na hilo linawahusu hata waliopasuliwa. Kama ulichomwa ganzi ya mgongo na wewe na mtoto mko salama, anaweza kuwekwa kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, mapema tu. Kama ulilazwa usingizi kabisa, basi pale utakapozinduka na kujitambua.

Haraka ya nini? Ni kwamba mtoto akizaliwa huwa macho kwa muda mfupi, kama saa moja au mbili hivi, anatafuta, analamba, anageuza kichwa. Baada ya hapo anazama kwenye usingizi mzito. Wangu aliletwa akiwa kwenye huo usingizi. Nikampa titi, akaliangalia kama mtu aliyeletewa bili ya mtu mwingine, akalala.

Na kumpakata kwenyewe sasa! Watu wanaongea kama ni kitu cha mikono tu. Ukishapasuliwa ndipo unagundua tumbo linatumika kwenye kila kitu: kukohoa, kucheka, kujigeuza, kunyanyua kikombe. Nilikuwa na katheta upande mmoja na dripu mkono wa pili. Mtoto wa kilo 3.2 akilazwa tumboni juu ya mshono unaona nyota. Kitanda cha jirani alikuwepo dada aliyejifungua kawaida asubuhi ileile. Saa nne alishaenda kuoga mwenyewe. Saa sita anakunywa chai huku mtoto ananyonya, "chwa chwa chwa", sauti inasikika mpaka kwangu. Hakuniringishia hata kidogo, maskini, alinipa na mkate wake. Lakini siku mbili zote ile sauti ndiyo ilikuwa kipimo changu.

Haya, sasa tuingie kwenye mwili wenyewe, maana hapa ndipo uongo mwingi umekaa.

Kinachowasha maziwa ni kutoka kwa kondo la nyuma. Ukiwa mjamzito, matiti yameshatengeneza dang'a, yale maziwa ya mwanzo mazito ya njano, tangu mimba ikiwa kubwa. Ila kuna homoni inayotoka kwenye kondo ambayo inazuia maziwa mengi yasifunguke. Kondo likitoka, homoni ile inashuka, na mwili unapata ruhusa. Sasa niambie, kwenye operesheni kondo linabaki? Halibaki. Daktari analitoa palepale. Kwa hiyo ule mlango unafunguka kwa aliyesukuma na unafunguka kwa aliyepasuliwa. Kisu kinapita tumboni. Kwenye titi hakifiki.

Kisha maziwa mengi yanashuka siku ya pili mpaka ya nne hivi. Ndiyo, siku ya nne. Kabla ya hapo kuna dang'a tu, na dang'a ni kidogo kwa makusudi. Siku ya kwanza mtoto akinyonya mara moja anapata kama mililita 2 hadi 10, yaani hata vijiko viwili vya chai havijai. Ndicho anachohitaji. Sasa wewe unakamua, unaona tone la njano kwenye kijiko, pembeni kuna tangazo la kopo lenye mtoto mnene anacheka. Unaona kabisa huna kitu.

Kinachoweza kuchelewesha ni mambo yanayokuja pamoja na operesheni: kukaa mbali na mtoto masaa mengi, kupoteza damu nyingi, maumivu na msongo, mtoto kuletwa amelala. Mengine hayahusiani na kisu kabisa, kama mama kuwa na kisukari, au tu kwa kuwa huyo ni mtoto wake wa kwanza. Maziwa mengi yakipita masaa 72 bila kushuka, wataalamu wanahesabu kwamba yamechelewa. Na kwa waliojifungua kwa operesheni hilo linatokea zaidi, siwezi kuwadanganya. Lakini kuchelewa siyo kukosa. Titi linafanya kazi kwa oda: likinyonywa au likikamuliwa, linatengeneza. Asiponyonya kwa sababu amekaa chumba kingine, oda haijafika.

Mwaka 2012 watafiti wa Imperial College London walikusanya tafiti 48 kutoka nchi 31, zaidi ya wanawake laki tano. Waligundua kwamba waliojifungua kwa upasuaji walianza kunyonyesha kwa kiwango cha chini kuliko waliojifungua kawaida, hasa wale waliopangiwa kisu kabla uchungu haujaanza. Hiyo nusu ya kwanza ndiyo kila mtu anaijua. Nusu ya pili haipati laiki: kati ya akina mama waliofanikiwa kuanza, njia ya kujifungua haikuleta tofauti ya maana kwenye kunyonyesha mtoto akiwa na miezi 6. Yaani ukivuka zile siku za mwanzo, kisu kinatoka kwenye hesabu. Vita yote iko pale mlangoni.

Na pale mlangoni mimi nilikuwa na mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni mwanamke mzuri, naomba hili lieleweke kabla ya mengine. Kalea watoto watano na wajukuu sijui wangapi, na alikuja na mtori kwenye chupa ya chai kila siku, wa ndizi na nyama, laini, moto. Sina ushahidi kwamba mtori unaleta maziwa. Ninachojua ni kwamba mtu akikupikia, akakulisha na kukufuta jasho, unalala. Na ukilala unaamka na nguvu za kujaribu tena. Kwa hiyo wanaobisha kuhusu mtori wabishe huku wanapika.

Usiku wa Alhamisi mtoto akalia. Siyo kulia kwa kawaida, kile kilio cha kukatika pumzi. Nimemweka, ameng'ang'ania chuchu, ameachia, analia. Nimembadilisha upande, analia. Chuchu zinauma kama zimepigwa msasa. Saa nane usiku wodi nzima inajua mtoto wa kitanda cha dirishani ana shida. Mama akamchukua, akambembeleza, akanirudishia, kisha akainama kwenye begi lake. Akatoa chupa mpya na kopo. Alishavinunua tangu asubuhi, hakuniambia.

"Mwanangu," akaniambia, "mtoto ana njaa. Kisu kimekata maziwa. Hilo siyo kosa lako, hata wifi yako wa Moshi ilikuwa hivyo hivyo. Tumpe huyu mtoto ale."

"Mama, mkunga kliniki alisema siku za mwanzo huwa ni kidogo..."

"Mkunga hayupo hapa. Mtoto ndiye yupo."

Hakuna tusi lililowahi kuniuma kama lile "siyo kosa lako". Angenigombeza ningejitetea. Lakini alinisamehe kwa kitu ambacho nilikuwa naanza kukiamini: kwamba mwili wangu umefeli mara mbili. Ulishindwa kumtoa, sasa unashindwa kumlisha. Nililia bila sauti, maana kulia kwa sauti mshono unauma.

Nesi wa zamu ya usiku alikuwa mama mtu mzima, miwani imening'inia kifuani. Alikuja kwa sababu ya kelele. Mama akamsalimia, akaanza kueleza. Yule nesi akasikiliza mpaka mwisho, hakumkatisha, halafu akasema, "Bibi, umefanya vizuri kuwa na wasiwasi. Hebu kwanza tumpime, kisha tutaamua pamoja." Ona alivyomwingiza kwenye timu badala ya kumfukuza. Nimeifikiria sana ile sentensi.

Wakampima. Kilo 2.98. Mama akashika mdomo, "Mnaona! Kapungua!" Nesi akasema watoto karibu wote hupungua siku za mwanzo, wa kisu na wa kawaida, na kwamba akipungua mpaka kufika asilimia 10 hapo ndipo wanahangaika kweli. Wangu alikuwa amepungua kama asilimia 7. Akaongeza kwamba mama akiwekewa dripu nyingi kabla ya kujifungua, mtoto naye anaweza kuzaliwa na maji ya ziada, akiyakojoa anaonekana amepungua zaidi. Akauliza leo kakojoa mara ngapi. Mama ndiye aliyekuwa anabadilisha nepi. Akahesabu kwa vidole: mara tatu. "Siku ya tatu, mara tatu. Huyo anapata kitu, bibi."

Kisha akanifundisha kwa dakika kumi vitu ambavyo hakuna mtu alinifundisha kwa siku tatu. Akaweka mto pembeni yangu, akamlaza mtoto juu yake, miguu inaelekea mgongoni kwangu, mwili umebanwa chini ya kwapa kama mtu anayebeba pochi. Tumbo langu halikuguswa na chochote. Akasubiri mtoto apanue mdomo kabisa kama anapiga miayo, ndipo akamsogeza titini. Akamsogeza mtoto, hakulivuta titi. Mdomo ukachukua na sehemu kubwa ya ile weusi, siyo ncha tu. Kabla ya hapo alinionyesha kukamua kwa mkono: vidole nyuma kidogo ya weusi, bonyeza kurudi kifuani, kisha bana taratibu, achia. Tone. Tone. Akazikinga kwenye kijiko, akampa mtoto akalamba, akatulia, ndipo akanyonya.

Kopo halikufunguliwa usiku ule. Na nasema hivi nikijua kwamba kama uzito ungesoma vingine, lingefunguliwa, na ingekuwa sahihi. Mtoto aliyepungua kupita kiasi, aliyelegea, anayezidi kuwa wa njano, asiyekojoa, huyo anapelekwa kwa daktari haraka, na akiandikiwa maziwa mengine anapewa. Hakuna medali ya kumnyima. Tofauti ni kwamba kuna kopo linalofunguliwa kwa sababu mtoto kapimwa, na kuna kopo linalofunguliwa kwa sababu mama yake ameambiwa alizaa vibaya.

Ijumaa tukaruhusiwa kurudi nyumbani. Jioni yake, niko kitandani, kanga ikalowa. Nikadhani nimemwaga maji. Mama mkwe ndiye aliyeona kwanza, akapiga kigelegele mpaka jirani wa chini akagonga mlango kuuliza kama kuna posa.

Baada ya hapo ndipo nikaanza kusoma, kwa sababu nilitaka kujua yule nesi alinifanya nini. Maziwa hakuyaleta yeye, yalikuwa njiani. Kumbe kuna jina lake. Mtafiti wa uuguzi huko Kanada, Cindy-Lee Dennis, alitengeneza kipimo mwaka 1999 cha kuangalia mama anajiamini kiasi gani kwamba ataweza kunyonyesha. Tafiti nyingi tangu hapo zimeonyesha kwamba anayejiamini zaidi ndiye anayeendelea kwa muda mrefu zaidi. Dennis alitumia mawazo ya mwanasaikolojia Albert Bandura, ambaye alisema kujiamini kunatoka sehemu nne: ulivyowahi kuweza mwenyewe, uliowaona wakiweza, unachoambiwa na watu, na mwili wako unavyojisikia wakati huo.

Nikajipima pale kitandani siku ya tatu. Kuwahi kuweza: sijawahi, mtoto wa kwanza. Kuona wengine: niliyemwona ni dada wa jirani, hana mshono, anaenda kuoga mwenyewe, sikuwahi kuona hata mmoja aliyepasuliwa akinyonyesha. Kuambiwa: kisu kimekata maziwa. Mwili: katheta, maumivu, usingizi hakuna. Sifuri nne. Mwanamke yeyote mwenye sifuri nne atasema "sina maziwa", hata akiwa nayo. Na yule nesi kwa dakika kumi akazigusa zote. Akaniwezesha mara moja, akaniambia jana amemsaidia mwingine wa kisu kwenye wodi hiyohiyo, akamtoa mama mkwe kwenye wasiwasi, akaondoa uzito tumboni kwangu.

Ndiyo maana ile picha ya staa mimi naiheshimu. Ingekuwepo kwenye simu yangu Alhamisi ile, ningepata angalau moja kati ya nne.

Sasa wale mnaosema "kwa hiyo tusukume tu, ndiyo maziwa yatatoka", subirini niwape habari ya wifi yangu, mdogo wake mume wangu. Alijifungua miezi saba baada yangu, kawaida, masaa sita tu, familia nzima ikasifia. "Huyu ni mwanamke." Mtoto alizaliwa saa mbili asubuhi na alinyonya kabla ya saa tatu. Kila mtu akajua huyo hana shida, wakaondoka zao. Kumbe kachanika akashonwa, hawezi kukaa, ananyonyesha kajipinda kama alama ya kuuliza, mtoto anashika ncha tu ya chuchu. Siku ya tano zimepasuka, zinatoa damu. Hakumwambia mtu. Aliniambia mimi tu, kwa ujumbe wa WhatsApp saa tisa usiku: "Dada, mimi nimesukuma, mbona nashindwa?"

Mimi nilipata nesi kwa sababu nilionekana mgonjwa. Yeye alionekana shujaa, akaachwa na ushujaa wake. Nilienda kwake asubuhi yake na mto mmoja. Kulala ubavu, mtoto ametazamana naye, mdomo upanuliwe vizuri, basi. Kuna machozi mengine ya kunyonyesha yanatoka kwa sababu tu ya mkao.

Na hili la kisu litaendelea kutuhusu wengi. Kwenye utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16, waliojifungua kwa upasuaji Tanzania walikuwa asilimia 6. Mwaka 2022 ikawa asilimia 11. Duniani WHO ilisema mwaka 2021 kwamba ni zaidi ya mtoto 1 kati ya 5. Unaweza kubishana kama zote zinahitajika, na huo ni mjadala wa kweli, lakini tuufanye na hospitali na madaktari. Kumfuata mwanamke mwenye mshono wa siku nne kwenye Instagram haipunguzi operesheni hata moja.

Kuna vitu ningependa mtu aniambie mwezi wa nane wa mimba, hata kama sipangiwi kisu, maana mimi sikupangiwa. Kwamba ukiwa kliniki unaweza kuuliza mapema: ikitokea nimepasuliwa, mtoto nitaletewa baada ya muda gani, na inawezekana akawekwa kifuani nikiwa bado naangaliwa? Kwamba ukichelewa kuletewa, mwombe nesi akusaidie kukamua matone ya mwanzo, apelekewe mtoto kwa kijiko au kikombe kidogo. Kwamba usivumilie maumivu kwa kuogopa dawa. Nyingi ya zile za maumivu wanazotoa wodini zinatumika na wanaonyonyesha, waambie tu kwamba unanyonyesha. Maumivu yenyewe ndiyo yanazuia maziwa yasishuke vizuri. Na kwamba nepi zinasema ukweli kuliko mashangazi. Kuanzia siku ya tano hivi, zikilowa sita au zaidi kwa siku, maziwa yanaingia.

Kwa mnaoajiriwa, sheria ya kazi ya mwaka 2004 inakupa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 kama ni pacha, na ukirudi kazini una haki ya hadi masaa mawili kwa siku ya kwenda kunyonyesha. Haitofautishi mshono na msukumo. Bosi wangu hakuijua, nikamtumia kifungu. Akajibu kwa emoji ya dole gumba, tukaendelea.

Baba watoto nao wasijifiche. Wangu siku zile hakuruhusiwa wodini usiku, lakini nyumbani kazi yake ilikuwa moja: saa nane na saa kumi usiku anamchukua mtoto kitandani kwake, anambadilisha, ananiletea, anapanga mto. Mimi siinuki. Kwa mtu mwenye mshono, kuinuka mara mbili kwa usiku ni kama kupanda Kilimanjaro na kandambili. Kuna wanaume wanaposti "my queen" na hawajui mto unakaa upande gani.

Mdogo wangu wa upande wa mama mdogo kapangiwa operesheni Alhamisi ijayo, mtoto amekaa vibaya. Jana kaniuliza aweke nini kwenye begi. Nikamwambia: kanga nne, mto mgumu, kijiko cha chai, na mtu wa usiku asiye na haraka. Hospitali yake inaruhusu mwanamke mmoja tu, kwa hiyo atakayelala naye ni mama mkwe wake. Nikamtumia yule mama maelezo ya kumweka mtoto kwapani, kwa sauti, maana hapendi kusoma. Leo asubuhi nimetumiwa video. Kakaa kwenye kochi, kabana mto mdogo chini ya kwapa, anamuuliza mume wake kama kichwa kiko juu vya kutosha.